Prezida wa Darasa la Tano

Kalemie, 9 Machi 2011

Mpwa wangu Gracieuse,

Kama barua hii imekufikia inanuka samaki, mlaumu Séverin, mimi nilimkabidhi ikiwa safi. Anasema atapanda gari moshi hadi Lubumbashi, halafu mabasi mpaka huko kwenu, na njiani atauza kila kitu anachoweza kuuza. Nimemwambia barua yangu haiuzwi.

Sisi ni wazima. Mke wangu, Mama Perpétue, anauliza kama anavyouliza siku zote: je, huko wanakula ugali au wanakula uji uliokauka? Mbuzi wako amezaa mapacha. Mmoja tumemwita Durban, kwa sababu hatulii nyumbani. Blandina, yule binti wa nyuma ya nyumba yetu niliyemfundisha kusoma, sasa ni mwalimu kamili, amepewa darasa la tano. Anakusalimia.

Najua utasema: Mjomba, iko simu. Ndiyo, simu iko. Lakini kwenye simu unasema "niko sharp, Mjomba, niko sharp", uniti zinakwisha, na mimi nabaki nauliza watu sharp ni ugonjwa gani. Mtoto niliyemlea tangu ana miaka sita aniandikie sentensi nzima.

Neno lenyewe ni hili. Mwaka huu tunapiga kura tena. Unakumbuka 2006 nilikuwa prezida wa biro ya kura, mkubwa wa kituo, pale pale darasa la tano. Kazi ilikuwa ya siku chache tu, lakini mpaka leo sokoni naitwa Prezida. Sasa redio inasema Januari wamegusa katiba, rais atachaguliwa kwa duru moja, na sheria ya uchaguzi yenyewe nayo itaguswa. Mimi nilifundisha miaka thelathini na nne, sikuingia darasani hata siku moja bila kusoma somo. Siwezi kukaa mbele ya sanduku nikiwa na sheria ya zamani kichwani. Huko mko na internet kila kona. Nitafutie sheria mpya, uichape, umpe Séverin.

Herufi ziwe kubwa kidogo. Si kwa sababu ya macho. Ni kwamba siku hizi watu wa kompyuta wanabana sana maandishi.

Mjomba wako,
Dominiki (Prezida aliye likizo)


Durban, 27 Aprili 2011

Mheshimiwa Prezida, Mjomba wangu,

Nilipofungua bahasha, Marie-Claire ninayekaa naye chumba akauliza nani amepika ndagala bila kumwita. Kwa hiyo Séverin ana hatia.

Mimi niko salama. Nimeandika sentensi nzima, umeona. Bado nasuka nywele kwenye salon ile ile ya Berea, kuanzia asubuhi mpaka miguu ikatae. Pasaka nilikwenda misa, nikaimba kwa sauti mpaka mama mmoja akageuka. Mwambie Mama Perpétue ugali wa hapa ni mweupe na unavunjika mkononi kama mchanga. Eish, ninakula hivyo hivyo.

Sheria mpya haijatoka, Mjomba. Yaaseen ametafuta kila mahali. Yaaseen ni mtu wa duka la internet lililo chini ya salon yetu. Amesema kilichopo ni sheria ya 2006, akaichapa yote, akakuza herufi, akakataa nilipe. Yaaseen mwenyewe anazipenda hizi habari, kwa sababu tarehe 18 Mei hapa wanachagua madiwani, na Yaaseen amechukuliwa kusimamia kura katika ukumbi wa shule moja kule Chatsworth, kwao. Wamemfundisha, wamempa kitabu cha kanuni, anakisoma hata mteja akiwa amesimama mbele yake. Yaaseen anauliza: kwenu nani anashika wino wa kidole, na je, mtu akija hana kidole hicho? Nilimwambia swali kama hilo linapelekwa kwa Prezida.

Usifikiri kitu. Ni mtu anayechapa karatasi.

Nikuulize jambo: mistari ya barua yako ilikuwa inapanda juu kama barabara za Berea. Ulikuwa unaandikia kwenye goti?

Mpwa wako,
Gracieuse


Kalemie, 12 Juni 2011

Mpwa wangu, mwenye sentensi nzima,

Tumepokea. Tunashukuru. Umenitumia sheria ya 2006, ambayo naijua kwa moyo. Ni kama kumtumia padri Baba Yetu. Hata hivyo nimeiweka kabatini, haina kosa.

Hapa mvua zimekwisha, ziwa limetulia, mgongo wa Mama Perpétue haujatulia. Durban amekula kalenda ya parokia, kuanzia Julai hadi Desemba, kwa hiyo hatujui tena sikukuu.

Mistari inapanda kwa sababu meza yangu ina mguu mmoja mfupi.

Mjibu huyo mtu wa karatasi hivi: wino hushikwa na mmoja wa wasaidizi wa prezida, na asiye na kidole hicho hupakwa kingine. Mwambie ni swali zuri. Mimi 2006 nililipata siku yenyewe, mbele ya fundi seremala, bila kujiandaa.

Sasa na mimi niulize. Katika barua yako jina la Yaaseen limetajwa mara tano. Mimi niliyeandikiwa, hata nikihesabu na cheo, sikufika hapo. Ni jina zuri. Ni la pande gani? Na kura yenu ya Mei ilikwendaje? Nataka habari za ukumbini, si za redio.

Ikitoka sheria mpya, ongeza herufi. Zile zilikuwa nzuri, lakini zingeweza kuwa nzuri zaidi.

Dominiki, Prezida


Durban, 30 Julai 2011

Mjomba mpendwa,

Imetoka! Imetiwa sahihi tarehe 25 Juni. Hii hapa, na Séverin amelalamika uzito wake. Herufi zake ni kama zile za ukutani kwa daktari wa macho, ndiyo maana imekuwa kurasa mia moja na themanini. Yaaseen ameitoboa na kuishona kwa uzi, akaweka jalada gumu. Amejaribu kunisomea Kifaransa chake, nimecheka mpaka nikaharibu nywele za mteja.

Baridi iko, ile yenu ya ziwani haiifikii. Namshukuru Mungu kazi ipo.

Habari za ukumbini. Siku ile nilipita pale kwa bahati, na kwa bahati nilikuwa nimebeba chakula. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, penye robot, zile taa za kusimamisha magari. Mimi karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kupiga kura, basi nilikaa kwenye ukuta nikaangalia wengine. Akaja bibi mmoja asiyeona, ameshikwa mkono na jirani yake. Wakala wa chama akasema jirani asiingie, aingie mtu wa ofisi. Mkubwa wa kituo akataka kukubali ili foleni isogee. Yaaseen akafungua kile kitabu chake, akasoma taratibu: asiyeona anamchagua mwenyewe wa kumsaidia. Mkubwa wake alikasirika, lakini bibi aliingia na jirani yake. Asubuhi yake nilionyeshwa karatasi ya matokeo imebandikwa mlangoni, kila mtu anaisoma. Nikawaza: hivi ndivyo Mjomba alivyofanya.

Jina lake ni la hapa hapa. Watu wao wanaitwa Wazanzibari, ingawa bibi yake anasema mababu waliletwa kutoka pande za Msumbiji. Serikali ya zamani iliwahamishia Chatsworth. Wazee bado wana Kiswahili kidogo. Yeye ana maneno kumi, saba ni ya chakula. Ni mtu mtulivu. Jumapili hafanyi kazi.

Mjomba, kwa nini unataka herufi kubwa hivi? Kwanza niliuliza mistari, sasa nauliza herufi.

Gracieuse


Kalemie, 18 Septemba 2011

Mpwa wangu,

Kitabu kimefika. Séverin alikishusha kichwani akauliza kama ni Biblia ya madhehebu mapya. Mama Perpétue amekiweka juu ya kabati, mbali na Durban. Nimepitia vifungu vyote, na viko vilivyobadilika kweli; yule anayefikiri atasimamia kura kwa kumbukumbu za 2006 atataabika.

Niliomba tena kazi ya prezida wa biro, nimekubaliwa. Darasa la tano tena. Blandina naye ameomba, atakuwa katibu wangu. Mafunzo ni Novemba.

Habari ya bibi asiyeona ilinipendeza sana, niliirudia mara tatu. Huyo kijana alifanya vizuri. Lakini naomba nieleweshwe jambo moja la jiografia. Séverin anasema kutoka Berea mpaka Chatsworth ni taxi mbili. Wewe ulipita pale kwa bahati. Basi ni bahati ya taxi mbili, na chakula mkononi.

Na umesema Jumapili hafanyi kazi. Ijumaa saa saba mchana, je, anafanya?

Sasa neno langu. Mtafute wewe na huyo Yaaseen, maana wawili mnaona haraka: iko kifungu chochote kinachosema prezida wa biro anaweza kusaidiwa kusoma? Mpiga kura anaruhusiwa, hilo nimeliona. Naulizia prezida. Ni swali la jumla tu. Rafiki yangu mmoja wa biro nyingine ananisumbua nalo.

Nakusubiri kwa hamu,
Dominiki, Prezida

*Dada Gracieuse, ninaandika hapa chini kwa herufi ndogo ili asizione. Hakuna rafiki wa biro nyingine. Mjomba haoni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona herufi kubwa tu, penye jua. Tangu barua yako ya kwanza mimi ndiye ninayemsomea, na ile sheria pia. Ameniapisha nisiseme. Sikusema, nimeandika. — Blandina*


Durban, 20 Oktoba 2011

Mjomba wangu mpendwa, na wewe Blandina unayesoma hii kwa sauti,

Usiruke hata neno moja, Blandina. Na wewe Mjomba usimkasirikie. Uliapisha mdomo wake, hukuapisha kalamu. Mtu anayejua sheria kama wewe alipaswa kuliona hilo.

Nilikaa ngazini na barua yako mpaka Marie-Claire akaja kunitafuta. Niliona mistari inapanda tangu mwanzo, nikakutania. Samahani. Ungeniambia ningecheka kidogo na kulia kidogo, kama watu wengine.

Tumekitafuta hicho kifungu Jumapili mbili. Mpiga kura asiyeona anasaidiwa, ndiyo. Kuhusu prezida hatukuona lolote, la kukuzuia wala la kukuruhusu. Nilitaka kukuandikia tu kwamba hakuna kinachokuzuia. Nilikuwa nimeshaandika. Yaaseen akasema, "Mwambie na nusu ya pili." Nikamuuliza nusu gani. Akasema, "Wakati wa kuhesabu, mkubwa wa kituo anaangalia kila karatasi, kisha anatia sahihi kwamba ameona. Mjomba wako atatia sahihi kitu ambacho hakukiona." Nikamwambia anyamaze, hakujui wewe. Akasema, "Namjua kwa maswali yake. Ndiyo maana nasema."

Nilimnunia wiki nzima. Nilikuwa napita nje ya duka nikiangalia upande mwingine. Halafu nikaona kwamba alijua nitakasirika, na alijua anataka nini kwangu, na hata hivyo alisema. Hapo ndipo niliacha kujidanganya kwamba ni mtu wa karatasi.

Kwa hiyo na mimi nijibu swali lako. Ijumaa saa saba anafunga duka, anakwenda msikitini. Wewe ulishajua. Anataka kunioa. Anasema kanisa langu ni langu. Bibi yake hajasema hivyo bado. Wewe ndiye uliyenifundisha katekisimu, chini ya lile paa linalovuja, kwa hiyo najua ninachokuomba. Ukisema hapana sijui nitafanya nini. Sikusema nitakutii, Mjomba. Nimesema sijui.

Nimeandika sentensi nzima, zote.

Gracieuse wako


Kalemie, 11 Desemba 2011

Mpwa wangu Gracieuse,

Mkono ni wa Blandina, maneno ni yangu. Nimemkataza kuyarekebisha. (Nimerekebisha mawili tu. — B.)

Barua yako ilifika siku nne kabla ya mafunzo. Nilimnunia Blandina, yeye akaendelea kuja kila jioni na kukaa pale barazani, akisahihisha madaftari ya wanafunzi kwa makusudi ili nisikie kurasa zinageuka. Siku ya tatu nikamwambia asome tena ile sehemu ya nusu ya pili. Akasoma. Nikamwambia kijana hana adabu. Mama Perpétue akajibu kutoka jikoni: "Ana adabu, wewe una kiburi."

Nilikwenda mafunzoni hata hivyo, na kitabu changu kwapani. Mwalimu akatugawia karatasi ya matokeo ya mfano, akaniita nisome tarakimu kwa sauti. Niliona ukungu. Nikabahatisha. Nilisema namba kwa sauti ile ile ya darasani, na wote wakaziandika. Hakuna aliyeshituka. Gracieuse, hicho ndicho kilichonitisha. Kama wangecheka ningejitetea. Waliandika.

Nikasimama, nikasema: "Namba hizo nimezitunga. Sioni." Nikaomba wamweke Blandina mahali pangu, nikawaambia sheria ameisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote pale, tena kwa sauti. Wakamkubali. Nikamkabidhi kitabu chenu. Nilitembea kwenda nyumbani nikahesabu hatua, nisifikiri.

Siku ya kura nilitaka kubaki kitandani. Mama Perpétue akanitoa. Mlangoni wakaniuliza nani atanisaidia, nikasema mke wangu, ni haki yangu. Hasomi, lakini picha anaziona. Karatasi ya wabunge ilikuwa kubwa kama shuka. Tulipofika kwenye kibanda cha siri akaniuliza kwa sauti ya sokoni: "Ni huyu mwenye shavu, au huyu aliyekosana na shemeji yako?" Foleni nzima ikajua ninayempigia. Prezida Blandina alituonya wote wawili kwa kutaja kifungu. Alikuwa na haki. (Nilitaka kucheka, sikucheka. — B.)

Jioni walihesabu, mimi nilikaa nje chini ya dirisha pamoja na watu. Walipomaliza, bwana mmoja aliyevaa kofia ya chama akamwambia Blandina asibandike karatasi mlangoni, wakubwa waione kwanza. Nikasikia kurasa zinafunguliwa. Blandina akamsomea kifungu cha kubandika, polepole, mpaka nukta. Bwana akasema, "Hiyo ni sheria ya zamani, madame."

Sikuweza kuvumilia. Nikasema pale dirishani: "Hiyo ni sheria mpya, ya tarehe 25 Juni, imechapwa Durban. Ile ya zamani iko kabatini kwangu, nenda kaichukue. Kwa jambo hili zote mbili zinasema sawa." Watu wakacheka, wakasogea karibu. Bwana akaona wamekuwa wengi. Akatoka.

Gundi ilikuwa imekwisha. Mama Perpétue akaleta ugali wa moto, ule unaoshika, wakabandika nao. Nikaenda mlangoni nikaweka mkono juu ya karatasi. Nikamwomba mtu anisomee, halafu mwingine, halafu wa tatu, mbalimbali. Tarakimu zilikuwa zile zile. Yaliyotokea kwingine katika nchi hii siku hizi utayasikia kwenye redio, na moyo wangu si mweupe kwa hayo. Ya darasa la tano nayajibia.

Sasa neno lako.

Nilikasirika siku tano, siwezi kukuficha. Mimi ni katekista. Nilikwenda kwa padri nikamweleza yote. Akaniuliza kijana ni mkweli? Nikasema: wote waliniogopa au walinihurumia, mke wangu miaka miwili, majirani, hata Blandina, mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia, naye ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Padri akaniangalia, nadhani aliniangalia, akasema basi mbona umekuja kuniuliza mimi.

Sijasema mambo yote yamenyooka. Nina maswali juu ya watoto, juu ya ndoa itafungwa wapi, na juu ya bibi yake, ambaye naona tutaelewana maana hata yeye hajakubali. Nitayauliza yote, naye ajiandae kama alivyojiandaa kwa kura.

Usinitumie picha yake. Mlete. Mabasi yapo, gari moshi lipo, Séverin atawaonyesha njia. Mwambie aketi hapa mbele yangu azungumze, hata kama ni kwa yale maneno yake kumi, nimsikie ni mtu gani. Kumuona, mama, sitamuona.

Mjomba wako,
Dominiki